Farasi mzee, manyoya marefu na chupa ya mitishamba

Wazee wangu masaisi, nyinyi mnaowatunza farasi kila siku, wenye farasi, walimu wa kupanda, na nyinyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka mabandani, hamjambo. Nashukuru kwa kuniita. Mliponiita mlinipa na swali: Cushing ya farasi, ule ugonjwa wa homoni wa farasi wazee, inatibiwa kwa mitishamba au kwa dawa za hospitali? Jibu nitalitoa, tena bila kuficha upande wangu, lakini mnivumilie nizunguke kidogo. Swali lenyewe limekuja likiwa na milango miwili tu, na mimi nina hakika wengi wenu mmeshapita mlango mmoja kabla hata ya kujua kama farasi anaumwa.

Nianze na masaisi kwa makusudi. Mwenye farasi humwona farasi wake mwisho wa wiki, akiwa ameshapigwa brashi na kutandikwa. Saisi humkuta alfajiri na maranda anayolalia yalivyo. Ugonjwa huu huingia polepole, miezi na miaka, na mtu wa kwanza kuuona ni yule anayebeba ndoo. Mara nyingi ameshauona zamani, ila hakuna aliyemuuliza.

Mchukue farasi wa miaka 20, msimamishe jua likimpiga ubavuni. Tazama chini ya taya, tumboni, na nyuma ya miguu ya mbele. Kama manyoya ni marefu, mazito na yanajikunja, na wenzake wote wako laini, umeshapata neno la kwanza. Ulaya na Marekani ya Kaskazini kila farasi huota manyoya ya baridi, kwa hiyo huko mgonjwa anaweza kujificha miezi kadhaa katikati ya wenzake, mpaka wao wapukutishe na yeye abaki nayo. Hapa Nairobi Julai ina baridi yake na manyunyu yake, lakini haimvishi farasi kiasi hicho. Farasi mwenye manyoya ya mbuzi katikati ya Februari hana pa kujifichia.

Sasa weka kidole juu ya jicho. Farasi mzee huwa na kishimo pale. Kwa mgonjwa wa Cushing kishimo hicho mara nyingi kimejaa mafuta, kinabonyea laini ukikigusa. Shuka mgongoni kwa kiganja: nyama ya pande mbili za uti imekwisha, tandiko lililomkaa vizuri mwaka juzi sasa linacheza. Tumbo limening'inia, na mgeni akipita husema farasi ameshiba. Maranda yamelowa kuliko ya banda la jirani. Ndoo iliyokuwa ikimfikisha jioni inakwisha saa sita. Anatoka jasho amesimama kivulini. Mchubuko wa kamba unakaa wiki nzima haufungi, na jipu la kwato ulilolitoa mwezi uliopita limerudi.

Halafu kuna kwato zenyewe. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu manyoya hayajawahi kuua farasi, ila kwato zimeua wengi. Laminaitisi ni kuumia kwa zile nyama nyembamba zinazoshika mfupa ndani ya kwato. Zikilegea, mfupa unaweza kuzunguka au kushuka, na farasi akasimama juu ya maumivu masaa yote ishirini na manne. Utamwona ameegemea visigino, miguu ya mbele ameitupa mbele, na ukimgeuza kwenye saruji anakataa au anageuka kwa vijihatua. Weka vidole viwili nyuma ya kifundo, pale mshipa unapopita. Kwa kawaida unautafuta huuoni. Kwa farasi wa laminaitisi unagonga kwa nguvu mpaka unajiuliza ulikuwaje huuoni. Saisi anayejua kuushika mshipa huo ana thamani kuliko nusu ya vyombo vilivyo kwenye gari langu, na hilo nalisema mbele ya wanaomlipa mshahara.

Kinachotokea ndani ni hiki. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, pituitari. Sehemu yake ya katikati kwa farasi hutoa homoni kadhaa, mojawapo ni ACTH, na inazuiwa isitoe nyingi na dopamini inayoletwa na neva kutoka sehemu ya ubongo iliyo juu yake. Farasi akizeeka, neva hizo huchakaa na kufa. Tezi ikikosa wa kuizuia inakua, mara nyingine inakuwa uvimbe kabisa, na inamwaga homoni bila kipimo. Dalili zote nilizozitaja zinatokana na hapo. Jina la Cushing ni la daktari mpasuaji wa Marekani, Harvey Cushing, ambaye mwaka 1932 alieleza ugonjwa wa binadamu unaotokana na tezi hiyohiyo. Lakini kwa binadamu kinachoharibika ni sehemu ya mbele, kwa farasi ni ya katikati, na ndiyo maana kwenye karatasi za maabara siku hizi mtaona wameandika PPID, kifupi cha Kiingereza cha hitilafu ya sehemu hiyo ya katikati ya pituitari. Ni huohuo, msishtuke.

Na si ugonjwa wa nadra. Watafiti wa Queensland, Australia, waliwapima farasi wa miaka 15 na kuendelea, na katika ripoti yao ya 2013 walikuta takriban mmoja kati ya watano anao. Mzee mmoja aliniuliza pale nje, mbona zamani hatukuuona? Zamani, mzee wangu, farasi wengi wa nchi hii hawakufika umri huo. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, kupe, mbung'o na minyoo viliwawahi. Chanjo na dawa za minyoo zimetuletea farasi wazee, na farasi wazee wamekuja na magonjwa yao.

Ila msiondoke hapa mkamwita kila farasi aliyekonda mgonjwa wa Cushing. Kwa mazingira yetu, farasi mzee aliyekwisha nyama kwanza namfungua mdomo nitazame meno, kisha natazama kinyesi kwa minyoo na damu kwa vijidudu vya kupe. Mara nyingi jibu linapatikana hapo, na ni rahisi zaidi. Nikishamaliza hayo ndipo natoa damu ya ACTH, kwenye kile kichupa chenye kifuniko cha zambarau, na naiweka kwenye barafu palepale. Homoni hii huharibika upesi. Damu iliyozunguka kwenye dashibodi mchana kutwa inaweza kuleta namba ya uongo, na namba ya uongo ni mbaya kuliko kutopima. Farasi aliyetoka kupiga mbio, au anayeumia vibaya siku hiyo, naye namba yake hupanda. Pakiwa na shaka kuna kipimo cha kumdunga homoni ya TRH na kupima tena baada ya dakika 10, maana tezi ya mgonjwa huitikia kwa kishindo.

Sasa mitishamba. Nawajua mnavyoitumia, na sikuja kuwacheka.

Kwa Cushing, mmea unaouzwa zaidi ni Vitex agnus-castus, kichaka cha pwani za Mediterania chenye vijitunda vidogo vyeusi. Watawa wa Ulaya ya kale walisemekana kuvila ili wapunguze tamaa za mwili. Kama viliwasaidia, hilo ni lao. Ndugu yake wa ukoo mmoja mnamjua waliotoka Pwani na Ukambani: mfudu, ule wa matunda meusi yanayochafua ulimi. Ni ukoo, si mmea uleule. Asije mtu akamjaza farasi mfudu kisha akasema daktari alisema.

Wazo la kutumia mmea huu halikutoka hewani. Vijitunda vyake vina kemikali ambazo maabara zimeonyesha zinashika vipokezi vya dopamini, na kwa wanawake umetumika kushusha homoni ya maziwa. Kwa hiyo mtu aliyesema, jamani, dopamini ndiyo iliyopungua, tujaribu huu, alifikiri vizuri. Lakini mtu akifikiri vizuri bado lazima apime. Jill Beech na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipima, wakaulinganisha mmea huu na pergolidi, dawa ya hospitali inayofanya kazi ya dopamini, kwa farasi wenye Cushing. Majibu waliyatoa 2002. Farasi walikuwa wachache, nakubali, lakini mwelekeo ulikuwa wazi: mmea haukuutibu ugonjwa, na pergolidi ilisaidia.

Basi kwa nini watu waaminifu, wasiouza chochote, wanaapa kwamba mmea umemponya poni wao? Hapa naomba masikio yote, maana hili ndilo lililonileta.

Ugonjwa huu una majira. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, ACTH ya kila farasi, mzima na mgonjwa, hupanda mchana unapofupika, kati ya Agosti na Oktoba kwa walio kaskazini, halafu hushuka yenyewe. Kwa mgonjwa hupanda mno. Manyoya nayo yana kalenda yake. Mchukue mwenye poni kule Uingereza. Anaona manyoya yamezidi mwezi Februari, anaagiza chupa Machi, anampa kila siku kwa moyo wote. Mei poni amepukutisha. Angepukutisha hata kwa maji ya bomba, labda kwa kuchelewa kidogo kuliko wenzake, kwa sababu wagonjwa wengi wa mwanzo bado hupukutisha. Lakini aliyenunua chupa ndiye aliyetazama, na chupa ikapata sifa. Mwingine anapima Septemba, anaanza dawa yoyote ile, anapima tena Januari, namba imeshuka, anashangilia. Mtego huu hauchagui. Unawanasa wa mitishamba na unatunasa sisi wa vidonge vilevile. Daktari anayempima farasi Septemba na kumpongeza Januari hana cha kumwambia muuza majani.

Hapa kwetu karibu na ikweta mchana haubadiliki kiasi hicho, na hiyo ni shida ya aina yake. Viwango vinavyochapishwa kwa kila mwezi vimetengenezwa kwa damu ya farasi wa huko wenye majira, na siwezi kuvichukua nikavibandika kwenye farasi wa Karen, hapa Nairobi, bila kufikiri. Ninachofanya ni kumlinganisha farasi na yeye mwenyewe: mwezi uleule, saa zilezile, maabara ileile, mwaka baada ya mwaka. Na pamoja na damu, picha ya ubavuni, kipimo cha mkanda kifuani, na daftari la saisi la maji na jasho. Daftari hilo halihitaji Kiingereza. Tarehe, ndoo ngapi, basi.

Majani mengine nayapitia haraka. Uwatu na mdalasini watu huvitoa kwa ajili ya sukari. Jiaogulani, mmea wa Uchina, kwa ajili ya damu kufika kwatoni. Manjano kwa maumivu. Hakuna hata kimoja kilichoonyeshwa kuirudisha tezi ya farasi mahali pake. Mdalasini kidogo juu ya chakula sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na chupa zilizotiwa molasi ili farasi azipende, kisha zikauzwa kwa farasi ambaye adui yake wa kwanza ni sukari. Mwarobaini wa kufukuza nzi kwenye manyoya, endeleeni. Shubiri ya kunywesha, hapana! Wapanda farasi wa Ulaya wa karne ya 19 walikuwa wakiwamezesha farasi matonge ya shubiri kuwaharisha, na wapo waliohara mpaka wakafa. Mmea ni uleule tunaoupaka kwenye vidonda.

Nalisema hilo kwa wale wanaoniambia, daktari, sisi tunataka kitu cha asili tu, hizo kemikali hatuzitaki. Sikilizeni asili ya pergolidi. Kuna ukungu unaoota kwenye masuke ya rai, nafaka ya nchi za baridi. Katika Ulaya ya zama za kati watu waliokula mkate wa rai yenye ukungu huo vidole vyao viligeuka vyeusi na kukatika, wengine wakaweweseka mpaka kufa. Waliuita moto wa Mtakatifu Antoni. Kutoka familia ya kemikali za ukungu huo wanasayansi wamepata dawa kadhaa, na pergolidi ni mojawapo. Kwa hiyo kidonge ninachowaandikia kina ukoo wa shambani kama chupa yenu. Tofauti ni kwamba kilichomo kinajulikana kwa miligramu, ni kilekile leo na kesho, na mtu amehesabu farasi waliopata nafuu na waliokataa kula. Mmea wa pakanga ulipita njia hiyohiyo kabla ya kuwa dawa ya malaria tunayoinunua dukani.

Hicho kidonge nacho hakina historia ya malaika. Pergolidi ilianza kama dawa ya binadamu wenye ugonjwa wa Parkinson, ambao nao wamepoteza neva za dopamini, sehemu nyingine ya ubongo. Mwaka 2007 iliondolewa sokoni Marekani kwa sababu iliharibu vali za moyo za baadhi ya waliokuwa wakiimeza. Watu hao walikuwa wakimeza hata miligramu 3 kwa siku katika mwili wa kilo 70; farasi wa kilo 500 huanza na miligramu 1. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha vidonge vya farasi, Prascend ya Boehringer Ingelheim. Katika jaribio lililotumika kuidhinisha, farasi 113 walifuatiliwa kwa siku 180, na 86 kati yao walihesabiwa kuwa wamepata nafuu. Ni habari njema, ila mtu makini atauliza: waliopewa kidonge bandia walikuwa wangapi? Hawakuwapo. Farasi wote walipewa dawa na kila mtu alijua. Na karibu theluthi ya farasi walipungukiwa hamu ya kula kwa kipindi fulani. Nawaambia haya kwa sababu nikidai ushahidi kwa muuza majani, haki inanitaka nionyeshe wa kwangu ulivyo na matundu yake. Bado ni mzito kuliko wake, kwa mbali.

Kwa masaisi, namna ya kukitoa kidonge. Ni mara moja kwa siku, saa ileile. Kipimo cha kuanzia ni maikrogramu 2 kwa kila kilo, kwa hiyo kidonge kimoja kwa farasi wa kilo 500, nusu kwa poni wa kilo 250. Kimewekwa mstari katikati ili kikatike. Usikisage. Vumbi lake likikuingia, dawa inaanza kukutibu wewe. Vaa glavu au nawa mikono palepale, na mama mjamzito au anayenyonyesha asikiguse kabisa. Kichimbie kwenye kipande cha karoti au tufaha, kisha usiondoke. Poni wanajua kula karoti yote na kutema kidonge pembeni kwa ustadi wa ajabu, na jioni unakikuta kwenye maranda, kizima, hakina hata alama ya jino. Farasi akiacha kula, usingoje ziara yangu: simamisha siku mbili tatu, nipigie, tutarudi na nusu ya kipimo na kupanda polepole. Baada ya wiki nne hadi sita tunapima tena. Kuna na pergolidi ya maji inayochanganywa na wafamasia. Nguvu yake huisha kwa joto na mwanga, inataka friji na giza, na ikipita siku 30 imwagwe. Chupa inayokaa dirishani kwenye chumba cha matandiko ni kama haipo.

Wanaoshindana wajue kwamba pergolidi imo kwenye orodha ya Shirikisho la Kimataifa la Farasi ya dawa zinazodhibitiwa. Ulizeni kabla ya mashindano, na muulize pia kuhusu hizo chupa za majani, maana lebo haisemi yote.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa kidonge hulisahau. Pergolidi inaituliza tezi. Insulini, homoni ya kushughulikia sukari, ikipanda ndiyo hasa inayochoma kwato, na hiyo pergolidi haiishushi kwa uhakika. Farasi anaweza kumeza kidonge kila siku na laminaitisi ikarudi kwa sababu kuna mtu anamtilia pumba za molasi kwa huruma. Kwa hiyo nusu ya matibabu iko mikononi mwenu na haiuzwi duka la dawa. Nyasi kavu iwe ndiyo chakula. Hapa tuna bahati ya Boma Rhodes, nyasi ya nchi za joto isiyojilimbikizia ile sukari ya nyasi za Ulaya, ingawa bado inatofautiana kwa shamba na msimu. Ukiwa na shaka, iloweke nusu saa hadi saa moja na umwage maji yote, yana sukari. Acheni mahindi, acheni molasi, acheni mkate wa jana ambao watoto humletea Jumapili. Aliyekonda mno tutamwongezea kwa mafuta ya kupikia na protini, tutapanga pamoja. Fundi wa kwato aje kila wiki tano au sita, asisubiri mpaka kwato ziote kama makasia. Meno mara mbili kwa mwaka. Na mnyoeni! Mashine ya kunyolea inampa farasi huyu nafuu siku hiyohiyo, jasho linakatika, chawa wanakosa pa kulala, na hakuna mtu atakayebishana nayo.

Sasa gharama, maana najua ndiyo iliyo chini ya swali lenu. Kidonge kila siku ni vidonge 365 kwa mwaka, na ni kwa maisha yote. Hakuna siku ya kusema amepona. Shule ya kupanda yenye wazee watatu inaweza kushindwa, na chupa ya majani ikaonekana ndiyo njia ya mtu wa kawaida. Msimamo wangu ni huu. Farasi ambaye laminaitisi imemshika, au vidonda na majipu hayamwachi, au anakwisha nyama mbele ya macho yenu, huyo apewe pergolidi, na kama kuna pesa moja tu ya kutumia itumike hapo. Kumpa huyo majani peke yake ni kumwacha na maumivu huku mkijisikia mmefanya kitu. Lakini yule poni wa miaka 28 mwenye manyoya tu, kwato zake ziko sawa, insulini yake tumeipima iko chini, anakula na anagombana na wenzake: mnyoeni, mlisheni vizuri, mpimeni kila mwaka, na msione aibu kwamba hana kidonge. Wako madaktari wenzangu watakaonipinga kwa huyo wa pili, wakasema anza mapema. Wana hoja. Mimi nawatibu pia wenye farasi, na nimewaona wakinunua kidonge kwa pesa ya fundi wa kwato.

Anayetaka kuongeza mtishamba juu ya kidonge, sikatazi moja kwa moja. Nataka nijue, nataka lebo iseme haina molasi, na nataka kiongezwe kitu kimoja kwa wakati. Anayebadilisha dawa, nyasi, fundi na mtishamba wiki moja hatajua kamwe ni nini kilichosaidia au kilichodhuru. Kinachoniudhi, niseme tu, ni kidonge kusimamishwa kimyakimya kwa sababu poni anaonekana mzuri siku hizi. Anaonekana mzuri kwa sababu ya kidonge.

Neno moja kwa wenye punda, maana nimeona wawili hapa, na wako waliotoka Lamu, ambako kituo cha kutibu punda kimekuwapo tangu 1987. Punda nao hupata Cushing. Manyoya yao ni marefu kwa asili kwa hiyo hayasemi sana. Tazameni mgongo, maji na kwato. Na punda akiacha kula hata siku chache, mafuta hufurika kwenye damu na kumuua haraka kuliko ugonjwa wenyewe. Dawa inayoweza kukata hamu ya kula lazima ianzwe kwake kwa kipimo kidogo na jicho kali. Punda aliyeacha kula ni simu ya usiku huohuo.

Kesho asubuhi nitakuwa hapa saa moja kuchukua damu. Naomba farasi wasiwe wamepewa nafaka, wasitembezwe mbio, na wasibabaishwe. Wenye maumivu ya kwato siku hiyo tutawaahirisha na kuwapa dawa ya maumivu kwanza. Saisi wa kila farasi awepo mwenyewe, asitume mtu, kwa sababu maswali yangu ni kwake. Na njooni na chupa zenu zote za mitishamba, pamoja na zile zilizofichwa nyuma ya matandiko. Sitazimwaga. Nataka kusoma lebo.